Binti yangu anasubiri jibu ambalo kaka yake ameshalipokea

Admin, naomba unifichie jina, na kijiji usikitaje, maana majirani zangu wamo humu.

Shikamooni wote mlionizidi umri, na nyie wadogo zangu hamjambo? Poleni na majukumu. Sisi huku Singida hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Baba watoto hajambo, kifua kimepungua. Mama mkwe wangu hajambo, ni macho tu yanamsumbua. Kitinda mimba yuko shule, mzima. Binti yangu yuko hapa uani anapepeta mtama huku anaimba. Kaka yake yuko Dodoma, naye hajambo. Mimi ndiye ninayesema sijambo kwa mdomo tu.

Nina miaka hamsini na mbili, mkulima wa alizeti, niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea kuandika mnisamehe. Kijana wangu mkubwa ana digrii ya kompyuta lakini amekaa miaka bila kazi. Mwaka jana alinipigia analia, akasema, "Mama, nimechoka kuishi." Tangu siku hiyo simu yake ikiita naacha hata jembe shambani nakimbilia kupokea. Binti yangu yeye alisoma cheti tu cha kompyuta, akarudi nyumbani.

Sasa kuna kampuni moja Dodoma ina maboksi ya vidude fulani. Upande mmoja unachomeka kwenye kompyuta pale pa USB, upande wa pili unaingia waya wa intaneti. Shida ni kwamba kompyuta zao mpya hazivitambui, mpaka mtu aandike programu ya kuwapatanisha, wenyewe wanaiita draiva. Wakatangaza kwamba atakayeiandika ikakubali, wanampa kazi. Kijana akapewa kidude kimoja ajaribu, kikamshinda, akaja nacho Pasaka akakitupa mezani. Dada yake akasema, "Kaka, niachie mimi."

Jamani, kazi ile mimi ni shahidi wake. Nilikuwa naitwa nikiwa na unga mikononi. "Mama, njoo ushike waya. Chomoa. Haya, chomeka. Taa imewaka?" Namwambia bado. Siku nyingine nikichomoa tu kompyuta nzima inaganda, anapiga kelele, "Mama, umeiua!" Nami namjibu, "Niiue mimi, ambaye hata kuku nashindwa kumchinja?" Tunacheka. Anafuta, anaandika upya. Hadi mchana mmoja nikachomeka, taa ya kijani ikawaka ikaanza kuchezacheza, nikachomoa, nikarudisha, kompyuta haikuganda. Mtoto alinikumbatia na unga wangu wote.

Kaka yake alipokuja, binti akampa ile programu kwenye flashi. Akamwambia, "Kaka, wapelekee, ila waambie nimeandika mimi." Akajibu, "Sasa mdogo wangu, nitasema nani mwingine?"

Haikupita muda akanipigia mimi. "Mama, wamenichukua kwa majaribio! Nimewaambia nimeandika mimi. Usimwambie, Mama. Nikitulia nitamleta huku asome." Sauti yake ilikuwa na uhai, sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Nikamweleza baba yao. Akasema, "Mke wangu, yule ni wa kiume, ana mji wa kusimamisha. Huyu ataolewa. Nyamaza." Nikanyamaza.

Halafu kijana akapiga tena. Wamemuuliza kwa nini programu kuna wakati inasimama kidogo ndipo inaendelea, na yeye hajui. Akaniomba nimuulize dada yake kama vile nataka kujua tu. Ndugu zangu, nilimuuliza. Aliacha mtama akakaa karibu yangu, uso unang'aa. "Mama! Si unajua kwenye mashine ya kukamua alizeti, ukimimina debe zima kwa mkupuo koo linaziba? Yule kijana wa mashine anakwambiaje?" Nikasema, "Ananiambia subiri." Akasema, "Basi ndiyo hiyo. Intaneti inaleta mzigo mkubwa, kidude kina koo dogo. Programu yangu inasema subiri, kisha inasema haya, leta." Jioni ile nikayachukua maneno ya mwanangu nikampa kaka yake kwenye simu. Kesho yake akanipigia anacheka, "Mama, mfano wa alizeti wameupenda hadi wamenipigia makofi!"

Siku hiyo nilimpokonya binti ungo, nikapepeta mtama wake mimi.

Binti kila akiongea na kaka yake swali ni moja, "Kaka, wamejibu?" Anajibiwa, "Bado, mdogo wangu, vumilia." Nami nimekaa pembeni nasikia. Sasa ameanza kujitilia shaka. Anaifungua ile programu nzima, anaharibu hata palipokuwa pazuri akidhani ndipo alipokosea. Jumapili tukitoka kanisani akaniambia, "Mama, wangekuwa wameipenda wangeshasema. Nimeona akili yangu haifiki huko. Mwambie Baba, yule wa Manyoni anayetaka kunioa, yeye na wazee wake waje tu na posa." Na huyo mwanaume hampendi, mimi najua.

Leo mchana kijana kanitumia sauti. Kesho asubuhi anakalishwa mbele ya wakubwa wa kampuni, watachomoa waya wenyewe, na anatakiwa aeleze kwa nini kompyuta haigandi. Akifaulu anasaini mkataba. Anataka nimuulize dada yake jioni hii. "Mama, hii ni ya mwisho. Ukiniacha hapa nimekwisha." Mimi hilo neno nimekwisha nalijua lilikotoka, linaniua.

Nikimwambia binti ukweli, naogopa kijana atajifanyia nini. Nikimuuliza hilo swali, nitakuwa nimemuoza mwanangu kwa mikono yangu. Wote nimewabeba mimi, nimchomoe yupi?

Nishaurini wenzangu, hasa nyie akina mama, nifanyeje? Jibuni upesi kabla giza halijaingia. Binti amemaliza kupepeta, amekuja kukaa hapa jikoni na kompyuta yake mapajani, anatabasamu, ananiambia, "Mama, leo huniulizi kitu?"