Kiti cha Bibi Harusi

Mtaani kwetu kulikuwa na kiti kimoja cha mpingo, mgongo mrefu, na hakuna bibi harusi aliyetolewa mbele ya wanawake bila ya kukikalia. Mwenyewe alikuwa kizee hana mtoto. Una harusi, unapiga hodi, unakibeba. Alipofariki, miaka michache baada ya Mapinduzi, wakaja watu na mkokoteni wakakipeleka jumba la makumbusho. Ati mali ya umma. Na sisi tulikuwa nani, kunguru?

Mwezi ule ule dada yangu anaolewa. Mama akaona hapana tabu, tutakwenda kukiazima kama siku zote. Mkubwa wa jumba, kijana wa juzi, kakaza suruali, hata shikamoo hakumpa. Akasema vitu vya pale ni vya kutazamwa. Juu ya kiti kabandika kibao: "Matumizi hayajulikani." Lahaula! Angemuuliza mamake.

Dada akalia siku nzima. Wenzake wote walitolewa juu ya kiti kile, yeye awekwe juu ya kiti cha mkahawa? Mama akamwambia, "Nyamaza. Hakiji, tutakifuata."

Alhamisi alasiri tukaenda wanawake watupu, dada katikati, kagubikwa buibui. Ndani tukamfunua, hina mpaka viwikoni, asumini kichwani, tukamkalisha. Vigelegele! Mkubwa akaja mbio. Tukadhani anakuja kututoa, kumbe nyuma yake wageni wa serikali, wanaume watupu, na mpiga picha. Hakuona haya. Akawaambia haya ni maonyesho kawaandalia yeye! Mama akavua buibui lake amfunike mwanawe, lakini picha ishapigwa. Wanja ukamchuruzika dada mpaka kidevuni.

Harusi ikapita. Tukasikia picha imetundikwa kando ya kiti, chini yake maandishi: "Mwanamke wa Kale." Wa kale! Yuko jikoni kwake anakuna nazi! Wanaume wa mtaani, ambao hawakuwahi kulikanyaga jumba lile, sasa wakenda makundi makundi kumtazama mke wa mtu. Ndiyo elimu waliyotuletea. Dada akaacha kutoka, hata kisimani hendi.

Mama akajitanda kanga yake, nami nyuma. Hakumsalimu mtu. Akaibandua picha ukutani, akaitia kifuani. Mkubwa akapiga kelele kwamba ataita askari.

"Waite," mama akamwambia. "Kiti kaeni nacho. Huyu nimemzaa mie."