Sista Alipopokea Isale

Juzi, pale Soweto mjini Moshi, niliona isale imepandwa kwenye ndoo mlangoni pa saluni, eti pambo. Nikacheka peke yangu.

Mchana mmoja wa utotoni, shule yetu ya masista ilinukia maua ya kahawa. Sista mkuu alikuwa ametuambia kwamba wanywaji wote wa mbege, pombe yetu ya ndizi, wataungua motoni. Nikasimama.

"Baba yangu anakunywa, na ni mtu mwema."

Akanifukuza shule.

Nilikwenda mpakani mwa shamba nikachuma jani la isale. Kwetu Uchaggani, ukipokea isale umesamehe, hata kama ni kosa la kumwaga damu. Nilidhani dunia nzima inajua hilo. Nikampa Sista kwa mikono miwili.

"Zuri," akasema, akalitia kwenye chombo cha maua miguuni pa sanamu ya Bikira Maria.

Basi, nikajua kesi imekwisha.

Kengele ilipolia, akanikuta kwenye dawati langu. "Bado upo?"

"Sista, isale umeipokea."

Wasichana wote wakaitikia, "Ameipokea!"

Akafungua kitabu, akaanza somo.

Leo najua hakuelewa alichopokea. Shauri yake. Jani nililitoa, neno langu juu ya baba sikulifuta.