Picha ya Saa Moja Kasorobo

Dada yangu alipiga picha za pasipoti kwa miaka kumi na tisa, katika chumba kisicho na dirisha, akiwaambia watu wainue kidevu na wasitabasamu. Siku alipofunga studio alinunua nyumba shambani, vyumba vitatu na stoo ya kuni, akamchukua Mama, akaanza kuwapiga picha viumbe ambao hawahitaji kuambiwa wasitabasamu. Nyoka. Tena si wa kuchezea: swila wanaotema mate, na vifutu, wale wanene wenye rangi ya majani makavu ambao mtu huwakanyaga akidhani ni gome la mti. Majirani walimpa jina la Mama Nyoka. Mimi nilimwita kichaa, na nilimwita hivyo mbele yake.

Lakini kazi yake aliijua, siwezi kumnyima haki hiyo. Picha zake zilibandikwa ukutani kwenye zahanati, kila moja na maelezo chini, ili mtu akiumwa aonyeshe kwa kidole ni nyoka gani. Hakuua hata mmoja. Kila nyoka aliyekaa karibu na nyumba, Dada alijua analala wapi na anaota jua saa ngapi.

Ugomvi wetu ulikuwa Mama. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, anaona mwanga na kivuli, basi. Dada alimfungia kamba ya nguo kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye benchi lake, hatua kumi na nne, naye aliifuata kwa mkono kila asubuhi. Halafu kifutu mmoja akahamia kando ya tangi la maji, hatua sita kutoka kwenye benchi hilo. Nilipoambiwa nilikwenda shambani, nikasema yamekwisha, Mama anakuja kwangu mjini.

"Kwako atafanya nini?" Dada akauliza. "Atakaa kitandani kusikiliza cherehani yako. Hapa ana benchi, ana kuku."

"Na ana nyoka."

"Mnanigawana kama godoro," Mama akasema kutoka jikoni.

Tukakata maneno hivi: kila asubuhi, kabla Mama hajafungua mlango, Dada atampiga picha kifutu pale alipo na kunitumia. Picha isipofika, au nyoka asipokuwa mahali pake, Mama hatoki, na siku hiyohiyo anafungasha. Dada akanipa mkono.

Kwa miezi mitano simu ilitetemeka kwenye meza ya cherehani saa moja kasorobo, bila kukosa. Kifutu, tangi, vumbi. Naona haya kusema, lakini nilifika mahali nikamzoea kama mpangaji asiye na makuu.

Siku ile nilikuwa njiani kumpelekea Mama gauni nililomshonea. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Niliposhuka kwenye basi nilivua viatu, nikaanza kupanda kwa miguu, tope likinifika vifundoni. Simu ikatetemeka. Nikaangalia: kifutu, tangi, vumbi. Nikairudisha mfukoni, nikapiga hatua tatu, nikasimama.

Vumbi.

Nikaitoa tena. Kwenye picha udongo ulikuwa mkavu kama unga, na nyayo za kuku zimejichora juu yake. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye tope. Picha ile ilikuwa ya jana au juzi, na Dada hatumi picha ya jana kama ana ya leo. Nyoka hakuwa mahali pake.

Nikapiga simu, haikupokelewa. Hapo ikawa mguu niponye, gauni kwapani, viatu sijui niliviangusha wapi. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na hasira, na njia nzima nilipanga maneno nitakayomwambia. Alijua akiniambia ukweli Mama anaondoka leo. Kwa hiyo alitaka kumpata nyoka kwanza.

Nilizunguka pembe ya nyumba nikakwama pale pale. Mama alikuwa kwenye benchi lake, amevua ndala, anachambua maharage kwenye ungo. Chini ya benchi palikuwa pamebaki pakavu, na hapo pakavu ndipo kifutu alipojikunja, kiganja kimoja kutoka kwenye kisigino cha Mama. Dada alikuwa amepiga magoti upande wa pili, nguo imejaa tope. Kamera ilikuwa jichoni.

Ikalia, kacha.

Mkono wa Mama ukasimama juu ya maharage. Kamera ikalia tena. Kifutu akaanza kuvuta pumzi na kuitoa, fuuu, kama pampu ya baiskeli. Ikalia mara ya tatu.

"Mama," Dada akasema. "Usisogeze miguu."

"Sijaisogeza."

Dada aliweka kamera kwenye tope, yeye ambaye hakuniruhusu kuigusa hata kwa mikono mikavu. Akarudi nyuma kwa magoti hadi kwenye tangi, akachukua chuma chake chenye ndoano na ndoo ya mfuniko. Mimi sikuweza kuinua hata kidole. Harage moja likateleza kutoka kwenye ungo, likadunda mbele ya nyoka. Kichwa kikainuka, kikarudi nyuma. Mama hakutikisika. Kifundo chake chembamba kilikuwa pale wazi, na mimi nilikuwa nahesabu pumzi za yule mnyama. Dada akapitisha ndoano chini ya tumbo, akainua taratibu, akamshusha ndani ya ndoo. Akafunga mfuniko na kuukalia.

"Tayari?" Mama akauliza.

"Tayari."

Mama akaweka ungo chini. "Uliniambia nisubiri kidogo ndani. Nikasubiri kidogo. Hukuniambia hayupo."

Dada akaushika mfuniko kwa mikono miwili.

"Na nimesikia kamera kwanza," Mama akasema. "Mara tatu. Ndipo nikasikia sauti yako."

"Mkono ulitangulia, Mama." Dada alikuwa analia. "Sikufikiri chochote. Mkono ulitangulia tu."

Maneno yangu yote niliyoyapanga njiani niliyameza. Mama akapapasa kamba yake.

"Picha zimetoka?" akauliza.

"Zimetoka."

"Basi zipeleke zahanati. Watu waone anapojificha mvua ikinyesha."

Mizigo ya Mama aliifunga Dada mwenyewe. Alikunja kila gauni mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena, na hakuna aliyemharakisha.

Kifutu yule Dada alimwachia bondeni, mbali. Baada ya wiki tatu mwingine alihamia kando ya tangi, na Dada yuko naye peke yake. Kwangu Mama anakaa dirishani, karibu na cherehani, na hulalamika kwamba kuku wa jirani hawana adabu. Saa moja kasorobo simu ikitetemeka, yeye ndiye anayeisikia kwanza.

"Picha imekuja?"

"Imekuja."

"Yupo mahali pake?"

"Yupo."

"Na mvua? Chini pamelowa?"

Nasogeza simu kwenye mwanga, naangalia udongo vizuri kabla sijamjibu.