Chungu Kilichokaa kwa Magdalena

Nanyori hakuacha kamwe kugeuza jani na kutazama upande wake wa chini kabla ya kulichuma. Hata mboga alizopewa na majirani alizigeuza mbele yao, bintiye Eunike akatamani ardhi immeze.

Enzi za Wajerumani mumewe alichukuliwa kubeba mizigo ya serikali, asirudi. Shamba la maharage kule Olmotonyi ndilo lililobaki kuwalisha. Ng'ambo ya mfereji alilima Magdalena, mama yake Solomoni. Mbawakawa walipovamia majani, wa Nanyori walikuwa wekundu, wa Magdalena wa kijani cha kung'aa. Kisha wekundu wakaonekana ng'ambo pia.

"Hawa wekundu ndio walaji, na wametoka kwake," Magdalena alimwambia mzee Lesikar, msimamizi wa mfereji. "Wangu walikuwa wananipambia shamba tu."

"Basi wako wawafundishe wangu adabu," Nanyori alijibu.

Lesikar hakucheka. Kwa desturi ya mfereji ule, shamba lililoleta balaa hung'olewa mazao yakachomwa.

Nanyori aliomba asubiriwe mpaka mwezi uandame mara mbili, ili ionekane wekundu wanatoka wapi. Kutoka shamba la Magdalena alichukua jike mmoja wa kijani, tumbo limejaa mayai, akamtia kwenye chungu chenye udongo na majani, akafunga mdomo kwa kitambaa.

"Kaa nacho wewe, Mama Solomoni. Mimi nitaleta majani."

Kila asubuhi aliyageuza moja moja yasije na mayai ya wengine, akayaacha mlangoni. Kisha Eunike alimwona akirudi kupalilia maharage ambayo huenda angeyachoma.

Siku moja Magdalena alivuka mfereji amekumbatia chungu.

"Mama Eunike, njoo uone vituko. Wa kwangu amezaa wa kwako."

Ndani walitambaa watoto wa mama mmoja: wekundu, wa kijani, na mmoja mwekundu mwenye mabaka ya kijani. Lesikar alipooneshwa, hakuchoma shamba la mtu; akaagiza waokotwe wote, pande zote mbili. Wanawake wale wakaokota pamoja, na maharage yaliyosalia yakawatosha.

Miaka ilipita, Wajerumani wakaondoka. Nanyori alipougua asiweze tena kuinuka, alimwita Eunike karibu.

"Mama Solomoni alikuwa peke yake na kile chungu, mwanangu. Angekimwaga, nani angejua? Akija msibani kwangu usimkalishe na majirani. Mkalishe na dada zangu."