Mawe ya makaburi ya wakwe zangu yako chini ya matairi ya wageni

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wenzetu wa kanisani Bwana asifiwe. Hamjambo na familia zenu? Walionizidi umri, shikamooni. Mie mwili mzima, moyo ndio haupo. Admin nifichie jina, huku Kimbiji tunajuana.

Nina miaka hamsini na mbili, mjane. Marehemu mume wangu aliniacha kwenye kiwanja cha ukoo wao karibu na bahari. Kuna nyumba ya vyumba viwili, na pembeni makaburi ya wazee wao. Hayana saruji wala majina. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, basi. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, hajawahi kufurahia mie kubaki pale.

Mwezi wa kumi na mbili walikuja wazungu wawili, babu na bibi, na gari ambalo ndani ni nyumba kamili, jiko mpaka kitanda. Wanakimbia baridi ya kwao, na babu anapenda kuteleza baharini kwa ubao wenye tanga, anautaka upepo wa kaskazi. Walizunguka Kigamboni yote wanatafuta pa kuegesha mpaka msimu uishe, kila mahali wanafukuzwa. Nikawaonea huruma, nikawapa nafasi kwenye minazi. Wananipa kidogo cha kusukumia maisha. Ila makaburi sikuwaonyesha. Niliogopa wakijua watahama.

Juzi nilikwenda Temeke, binti yangu kajifungua. Huku nyuma mvua ikapiga, gari likaanza kuzama mchangani. Narudi nakuta wamelihamishia kwenye ardhi ngumu, pale pale makaburini, nyasi zimefyekwa, mawe yote yamekusanywa kuzuia matairi. Babu anacheka na Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mama, hapa mzuri! Mawe mzuri, gari hapana kimbia!" Nilikaa chini palepale. Bibi akaniletea maji, akidhani ni jua.

Na huu ni mwezi wa Shaaban. Kila mwaka kabla ya mfungo ukoo unakuja kuwasomea wazee dua, kila mtu kwa mzazi wake. Shemeji kapiga simu: "Shemeji, Jumapili tunakuja na maustadhi. Umeshafagia kwa wazee?"

Nikamjibu, "Naendelea, shemeji."

"Fagia vizuri. Mama yangu yuko pale."

Nikamweleza jirani yangu. Akanicheka: "We naye! Waambie wasogeze gari, upange mawe kwa kukisia. Kwani wazee watainuka waseme 'mie siko hapa'?"

Nilicheka huku nalia. Maana nikikisia, Jumapili shemeji atachutama amlilie mama yake penye ardhi tupu, na mie nimesimama nyuma yake naitikia amina. Nitaswali vipi tena baada ya hapo? Na nikisema kweli, atasema nimepangisha kaburi la mama yake, na hatakuwa amenisingizia. Nitatoka pale. Sina kwingine, binti yangu na mumewe wana chumba kimoja na hicho kichanga.

Wageni nao sijawaambia. Asubuhi bibi kaanika nguo zake palepale, ananipungia mkono, nami nikampungia.

Ndugu zangu, nishaurini kama mnavyomshauri mama yenu. Niseme, au ninyamaze? Jumapili iko karibu, naombeni mnijibu mapema.