Jina Lililozikwa na Mfalme

Bonde lililo nyuma ya nyumba zetu za Tsaramandroso, hapa Mahajanga, ofisi ya mji ililiita pori. Sisi tuliliita msitu. Ulikuwa msitu mwembamba, uliobanwa na mabati kila upande, lakini ulikuwa na chemchemi, na komba wadogo waliolala mchana kutwa kwenye matundu ya miti, na vinyonga ambao watoto walikatazwa kuwanyooshea kidole. Ofisi ilipotaka kuufyeka ili malori yapate pa kuegesha, wakazi walilalamika mpaka wakapewa karatasi. Tuliambiwa tuorodheshe miti na wanyama wa bonde. Kikionekana kitu ambacho hakipatikani kwingine mjini, bonde litaachwa. Orodha isomwe kwa sauti mbele ya wakazi, kisha watie sahihi.

Mimi nilifanywa mwandishi kwa sababu nilikuwa nimeanza kuandika hadithi, na mama mdogo aliyenilea hakumwacha mtu apite mlangoni bila kumwarifu. Nilikuwa nusu mgeni. Watu wetu wana asili ya Ngazija. Nilizaliwa hapa, lakini mwishoni mwa miaka ya sabini, mji ulipotugeuka na Wangazija wakauawa, mama mdogo alinibeba mpaka kisiwa cha Nosy Be, nikakulia huko, nikarudi nikiwa mtu mzima. Kingazija ndani ya nyumba, Kimalagasi nje, Kifaransa shuleni, na Kiswahili hiki nilichokiokota chuoni na vitabuni. Nilidhani mwenye lugha nne hawezi kuponzwa na neno.

Aliyetuongoza bondeni alikuwa jirani yetu, mwanamke wa Kisakalava, wenyeji wa pwani hii, mwuza magome ya dawa. Alikuwa akipapasa shina, anakwangua kwa ukucha, ananusa, anataja. Mimi naandika. Nyuma yake walifuata wanawake wa mtaa, mmoja akihesabu mashina, mwingine akichungulia matundu.

"Wangazija," alimwambia mama mdogo, "mti mnaujua ukishakuwa kitanda."

"Na ninyi mnaujua ukishakuwa makaa," mama mdogo akajibu, na bonde zima likacheka.

Jumapili ya tatu tulifika kwenye miti iliyokuwa roho ya bonde lile: mashina kumi na moja, meupe kama yaliyopakwa chokaa, yamesimama kuzunguka chemchemi. Matundu yake ndiyo yaliyolaza komba. Hapakuwa na mti kama ule popote pengine mjini. Jirani akaugusa bila kuukwangua.

"Andika hazofotsy," akasema. Maana yake ni mti mweupe tu.

"Lakini huu si hazofotsy," nikasema. "Huu ni..." Na nikalitaja jina lake, kama tulivyolitaja Nosy Be kila siku, tukiwa juu ya matawi yake.

Wanawake waligeuza nyuso. Mmoja aliweka chini kikapu chake akapanda kuelekea nyumbani. Sikuelewa mpaka mama mdogo aliponivuta kando. Kwa Wasakalava wa huku, mfalme akifa huondoka na jina lake, na neno linalofanana na jina hilo huzikwa pamoja naye. Hawaruhusiwi kulitamka wala kulisikia. Watu hutafuta neno lingine. Nosy Be ina wafalme wake na makaburi yake, kwa hiyo kule neno lile lilikuwa hai, linachezewa na watoto. Hapa nilikuwa nimelifukua.

Jirani alinipa maji ya chemchemi nisukutue. "Usirudie," alisema. Wiki mbili hakuna aliyeshuka bondeni. Nilikwenda mlango hadi mlango kuomba radhi, nikala kiapo mbele ya kila mmoja kwamba sitalitamka tena.

Basi orodha ikaandikwa hazofotsy. Hapo ndipo tulipojinasa wenyewe. Hazofotsy ni jina la miti mingi, na mmojawapo umepandwa kando ya kila barabara ya mji huu. Nikiliandika jina la kweli, itanibidi nilisome kwa sauti, na wakazi watainuka waondoke bila sahihi. Nisipoliandika, ofisi haitajua tuna nini. Nililala na fumbo hilo kama mtu anayelala na jino bovu.

Siku ya kusoma, bwana wa ofisi alikaa nyuma ya meza waliyoiazima msikitini. Alikuwa mgeni huku pwani, mtu wa kitabu, mwenye kamusi nene ya miti. Wanawake walikaa mbele, shali zimefunika vichwa mpaka mashavuni ingawa jua lilikuwa kali. Nilimsalimu jirani. Hakuitika. Nikamsalimu tena, akanikazia macho tu. Nikajua bado amenuna.

Nilisoma mpaka nikafika kwenye chemchemi.

"Hazofotsy?" bwana akasema. "Huo uko hata dirishani kwangu."

"Siyo huo."

"Upi, basi?"

Nikamweleza gome, matundu, komba, maji. Akafunua kamusi, akafunika.

"Maelezo siyo jina, mwanangu. Litaje jina hapa mbele ya wote, nilitafute humu."

Jina lilikuwa ulimini. Lilikuwa na silabi tatu. Nilimtazama jirani, naye akanitazama mdomoni bila kupepesa. Niliyaona macho yale kuwa onyo. Nikakumbuka kiapo changu.

"Sina jina lingine," nikasema.

Bwana akapiga mstari chini ya karatasi, akaandika: Hakuna kisichopatikana kwingine. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alisubiri kidogo kabla ya kupiga mstari ule.

Watu walipotawanyika, jirani alikuja mbio, shali imemporomoka shingoni. Akaingiza kidole sikioni, akatoa pamba. Akatoa na ya pili. Nyuma yake wanawake wote walikuwa wakitoa pamba, kama watu waliotoka kuoga baharini.

"Umelisema?" akauliza. "Niliona mdomo umefunguka."

"Sikulisema."

Alisimama na vipande viwili vya pamba kiganjani.

"Wewe wa Nosy Be," alisema taratibu. "Kule neno halijafa. Wewe lilikuwa lako kulisema. Sisi letu lilikuwa kutokusikia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia vipi? Kumwomba mtu alitaje, si ndiyo kulitaja?"

Nilimfuata bwana wa ofisi siku iliyofuata na jina limeandikwa kwenye karatasi. Mlinzi akaniambia faili imeshafungwa, na bwana mwenyewe amesafiri. Mwezi haukwisha, mashina kumi na moja yalilazwa kando ya chemchemi, na kwa siku kadhaa komba walionekana wakikimbia juu ya mabati mchana, wameduwaa kwa mwanga.

Siku hizi nikienda Nosy Be huwasikia watoto wakilipaza jina lile juu ya matawi, wakigombania tawi la juu. Mimi sijalitamka. Jirani bado anauza magome, lakini safari zake ni za mbali sasa. Kila akipita mlangoni kwetu hugusa sikio lake kwa kidole kimoja, ananitania. Mama mdogo hucheka. Mimi bado sijaweza.