Kuli wa Mbale Aliyeambiwa Akae Chini

Saa moja na nusu asubuhi, lori linarudi kinyumenyume hadi mlangoni mwa ghala la mahindi katika eneo la viwanda la Mbale, na Gaster Wambede anainuka kabla hajajua kwamba ameinuka.

"Kaa," anasema Nulu, mkubwa wa wanawake washonaji, bila kugeuza kichwa.

Gaster anakaa. Mkononi ana shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, na mbele yake gunia ambalo mdomo wake bado uko wazi. Kulia na kushoto kwake mkekani wameketi wanawake, miguu wameinyoosha juu ya magunia matupu. Mwanamume ni yeye peke yake. Ana miaka arobaini na sita na shingo nene kama kigogo, na zaidi ya miaka ishirini ameimaliza akibeba mahindi, kahawa na maharage katika maghala haya haya.

"Mabega yangu yanajua kazi yao," anasema. "Makalio hayajui. Yananiuliza, bwana, sisi tumekosa nini?"

Wanawake wanacheka. Nje, makuli wenzake wameanza kupakia magunia ya kilo mia. Mmoja anapita mlangoni na mzigo shingoni na bado ana pumzi ya kumchokoza: "Mama Gaster! Leo unapika nini?"

Gaster anatukana kwa Kimasaba na kuuvuta uzi kwa hasira mpaka unakatika. Nulu anamrushia uzi mwingine.

Kilichomketisha hapa ni ngiri. Ilianza miaka miwili iliyopita, mwaka 1994, uvimbe mdogo kwenye kinena. Akilala unarudi ndani, akisimama unatoka. Alikata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akajifunga nao kiunoni na kuendelea kubeba. Mkewe, Milly, akimwuliza, alimjibu kwamba ni mshipi wa kazi.

Uvimbe ulipokua kama ngumi akaenda kwa daktari wa kulipwa. Aliambiwa shilingi elfu tisini. Gaster alikuwa akipata shilingi sitini kwa gunia, na siku njema ilimpa elfu tatu. Kuli hana bima wala mkataba. Kampuni inamjua kiongozi wa kundi, na kiongozi ndiye anayewajua makuli. Ukianguka, ni wewe na nyumba yako kule mtaani Malukhu.

Dada yake, aliyeolewa Jinja, ndiye aliyempa habari ya kliniki ya Jumamosi. Iko Walukuba, huko huko Jinja, katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa viwanda, kati ya nyumba ambazo wenyeji wake wengi hawana viwanda tena. Daktari mmoja wa serikali huitoa Jumamosi yake bure, pamoja na wauguzi wachache waliostaafu. Mgonjwa hatoi hata senti. Upasuaji hufanywa mara moja kwa mwezi katika chumba cha kuazima kwenye zahanati ya misheni.

Februari mwaka huu wakamshona Gaster na kumwambia asibebe kitu kwa miezi mitatu.

Makuli wana desturi yao. Mwenzao akiugua, kila lori linatoa "gunia la mgonjwa", yaani gunia moja wanalolibeba wao na hela yake inakwenda kwake. Lakini desturi hiyo huenda wiki mbili tu. Wiki ya tatu wagonjwa walikuwa wengine na Gaster akasahauliwa. Lori la kwenda Kenya lilipofika na watu wakawa pungufu, akaingiza shingo chini ya gunia.

"Nilisikia ndani kitu kama kanga ikichanwa," anasema. "Sikuliangusha. Nililifikisha mpaka kwenye lori. Nikaenda nyuma ya ghala, nikalia."

Juni wakamshona mara ya pili. Safari hiyo muuguzi Proscovia, mkunga mstaafu mwenye sauti ya mwanajeshi, alikaa kwenye ukingo wa kitanda chake akamwambia wazi: nyama ya mahali pale imechoka. Ikichanika tena, utumbo unaweza kubanwa mle tunduni, na mtu wa namna hiyo hasubiri Jumamosi. Anakufa.

Ndipo Nulu akampokea kwenye mkeka. "Umeshonwa vibaya kuliko magunia yetu," alimwambia. "Njoo ujifunze." Malipo ya kushona ni shilingi kumi na tano kwa gunia, robo ya malipo ya kubeba.

Leo ni Ijumaa, na kesho miezi yake mitatu inaisha. Kesho daktari atamwambia kama ataweza kurudi kubeba.

Jumamosi asubuhi ukumbi wa Walukuba umejaa. Wapo wauza samaki, wafua nguo, na askari jela aliyeachishwa kazi ambaye bado amenyoa kama yuko kazini. Gaster amepewa nafasi kwenye benchi. Anakaa, anatoka nje, anarudi, anakuta nafasi imechukuliwa.

"Muzee, benchi haitembei," anasema yule askari. "Ni wewe unatembea."

"Sogea, afande. Mimi nilikuwa hapa."

"Ulikuwa."

Gaster anatoka tena. Ukumbi hauna bomba, kwa hiyo maji huletwa kwa madumu kutoka mtaa wa pili, na wagonjwa wenye nguvu ndio wanaosaidia. Bibi kizee mmoja anaburuta dumu la lita ishirini, anapumzika, anaburuta tena. Gaster anatazama pembeni. Anatazama juu. Halafu anakwenda kwa hatua tatu ndefu, anashika mpini wa dumu na kuliinua.

"Wewe! Weka chini hiyo kitu!" Sauti inatoka dirishani. Ni Proscovia, glovu mkono mmoja. "Unasikia? Weka chini!"

"Sista, ni maji tu..."

"Maji tu! Mara ya kwanza ilikuwa mahindi tu! Unataka tukushone mara ngapi, sisi ni mafundi cherehani?"

Ukumbi mzima unacheka, na bibi kizee anacheka kuliko wote. Gaster anashusha dumu taratibu, kana kwamba lina mayai.

"Hapa hatuna mshahara," anasema Proscovia baadaye, akiosha mikono. "Mshahara wetu ni kumwona mtu anakaa kama tulivyomwacha. Huyu anataka kutudhulumu."

Zamu yake inafika karibu na adhuhuri. Daktari Norman, kijana kuliko mgonjwa wake, anaweka vidole viwili kwenye kovu.

"Kohoa."

Gaster anakohoa.

"Tena. Kohoa kama mtu mzima."

Anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Vidole vinabaki palepale. Daktari anasikiliza kwa mkono, kisha anauondoa.

"Imeshika," anasema. "Umepona."

Gaster anashuka kitandani, anavuta suruali, tayari anatafuta viatu. "Kwa hiyo Jumatatu nabeba."

"Hapana."

"La kilo mia hapana?"

"Hapana."

"La hamsini?"

"Gaster."

"Debe moja?"

"Debe sawa. Magunia, maisha yako yote, hapana. Tembea, panda, lima kidogo. Lakini shingo yako na gunia wameachana."

Gaster anakaa mwenyewe, safari hii bila kuambiwa.

Jumatatu anarudi ghalani na habari hiyo, na pande zote mbili hazina nafasi. Wanyama, kiongozi wa makuli, anamkumbatia na kumwambia ukweli: "Hapa hakuna nusu gunia, ndugu yangu. Ningekuweka, wenzako wangeniuliza."

Kwenye mkeka, Nulu ameshaketi mahali pa Gaster.

"Mgonjwa tulimpokea," anasema. "Mzima arudi kwao. Leo ni wewe, kesho watakuja ndugu zako wote waliochoka kubeba. Wanaume wakishika sindano, sisi twende kubeba magunia?"

Gaster anajua kwamba mama huyu anasema kweli. Anazunguka ghala, anasimama mlangoni, anazunguka tena. Anafikiria kwenda nyumbani na hawezi kufikiria atamwambia Milly nini.

Saa tano hivi zogo linalipuka nje. Lori limejaa hadi juu ya mbao, turubai limeanza kuvutwa, na gunia la safu ya juu kabisa limepasuka mbavuni. Mahindi yanateremka kama maji. Dereva anapiga kelele kwamba amechelewa mpakani. Hapa kuna njia moja tu inayojulikana: kushusha gunia hadi chini, kulishona, kulipandisha tena. Wanawake hawapandi juu ya lori na magauni yao, na makuli hawajui kushona.

Gaster anachukua shazia mkononi mwa Nulu. Anakanyaga tairi, anakanyaga ubao, na kabla Wanyama hajapanga watu wa kushusha, yeye yuko juu, amepiga magoti, anavuta uzi. Mahindi yanapungua, yanadondoka punje moja moja, yanakoma.

"Rudia pale kati!" Nulu anampigia kelele kutoka chini. "Huo ni ushonaji wa mlevi!"

Anarudia. Kisha, akiwa huko huko, anatembea juu ya magunia yote akiyapapasa kwa mguu, na kuziba mengine mawili yaliyokuwa yanaanza kulegea. Dereva, ambaye njia ya Tororo humpotezea kilo nyingi kila safari, anatoa shilingi mia tano bila kuombwa.

Wanyama anaiona noti hiyo. Kabla ya saa sita wamekubaliana: kila lori, kabla ya kufunikwa, Gaster atalipanda na kulikagua, na dereva atalipa. Nulu naye ametoa sharti lake mbele ya watu.

"Huko juu ni kwako. Hapa chini usinishukie na sindano."

Gaster anasema akipata malori manne kwa siku, watoto wake, waliokaa nyumbani kwa kukosa ada, watarudi shule muhula ujao. Januari atakwenda tena Walukuba kukaguliwa, ingawa hajui kama Sista Proscovia atafurahi akisikia kazi yake mpya iko juu ya lori.

"Daktari alisema panda," anasema. "Hakusema upande wapi."

Milly amemletea viazi vitamu na maharage. Anakula amesimama, sahani mkononi, macho barabarani.

"Wanyama!" anaita. "Lori lingine linakuja saa ngapi?"